Maji na Cheti: Sakramenti na Mamlaka ya Kanisa Buguruni

Sakramenti ni tendo la ibada linalofanywa kwa vitu vya kawaida, kama maji, mkate, divai, mafuta au mkono uliowekwa kichwani, ambalo kwalo Kanisa huamini kwamba Mungu humpa mtu neema yake. Kwa maneno yanayonasibishwa na Agustino wa Hippo, ni ishara inayoonekana ya neema isiyoonekana. Hesabu ndiyo inayogawa watu. Wakatoliki wanazo saba: Ubatizo, Kipaimara, Ekaristi, Kitubio, Mpako wa Wagonjwa, Daraja Takatifu na Ndoa, na Mtaguso wa Trento uliifunga hesabu hiyo mwaka 1547. Waluteri humfuata Martin Luther, aliyeanza kuipunguza mwaka 1520, nao hushika mbili tu, Ubatizo na Chakula cha Bwana. Waanglikana wa pwani ya Tanzania hutaja hizo mbili kuwa kuu, lakini tano zilizobaki huzitunza kwa bidii inayowashangaza Waanglikana wenzao wa Dodoma. Wapentekoste hubatiza na kuumega mkate, ila neno sakramenti lenyewe wengi wao hawalitumii.

Makanisa ya aina zote hizo yapo Buguruni na mitaa jirani, na si ajabu muumini wa moja kuisikia kwaya ya jingine akiwa amekaa kitini kwake. Kata hiyo ya Wilaya ya Ilala, inayojulikana kwa soko lake na kwa makutano ya Barabara ya Uhuru na Barabara ya Mandela, haikuanza kama mahali pa Wakristo. Ilikuwa kijiji cha pembezoni mwa mji, chenye minazi na mashamba, na wenyeji wake Wazaramo walikuwa Waislamu. Ukristo uliingia kwa miguu ya wahamiaji: Wachaga, Wahaya, Wanyakyusa, Wangoni, Wabondei, watu wa Masasi na Newala, waliokuja kutafuta kazi bandarini, relini, viwandani na majumbani mwa watu. Wangapi hasa, hakuna hesabu rasmi, kwa sababu sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kumuuliza Mtanzania dini yake. Lakini jambo moja liko wazi. Kwa miongo mingi Mkristo wa Buguruni alikuwa mtu aliyebatizwa kwingine. Imani yake aliweza kuja nayo kifuani, bali sakramenti zilidai ushahidi: nani alikubatiza, wapi, lini, na nani anakujua hapa mjini. Historia ya sakramenti katika mitaa hii kwa sehemu kubwa ni historia ya maswali hayo manne.

Lugha iliyobeba mambo haya ina historia yake. Wamisionari wa karne ya 19 waliikuta pwani ikiongea Kiswahili kilichokomaa ndani ya Uislamu, na wakachota humohumo. Kanisa, askofu, kasisi, shemasi, msalaba na madhabahu ni maneno yaliyopitia Kiarabu. Kitubio kimetokana na kutubu, tendo ambalo Mswahili Mwislamu alilijua kabla padri yeyote hajafungua kiti cha maungamo. Kireno nacho kiliacha padri na meza, kwa hiyo Mluteri anayekwenda kwenye Meza ya Bwana hutamka, bila kujua, neno lililoletwa na mabaharia Wakatoliki. Ubatizo na Ekaristi yana asili ya Kigiriki, Sakramenti ni Kilatini. Moja limefinyangwa hapahapa, nalo ni kipaimara: kinachompa mtu uimara. Ni tafsiri bora kuliko jina la Kilatini la tendo hilo, kwa sababu inamwambia kijana wa miaka kumi na minne kile anachokwenda kupokea.

Wamisionari Waluteri kutoka Berlin walifika Dar es Salaam mwaka 1887. Wabenedikti wa Mtakatifu Otilia walifuata mwaka 1888 na kujenga Pugu, vilimani, magharibi ya mji. Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, Pugu ilishambuliwa. Wamisionari watatu waliuawa na wengine wakatekwa hadi walipokombolewa kwa fedha. Baadaye Wabenedikti walijikita mjini kwenyewe, na kati ya 1897 na 1902 likasimama Kanisa la Mtakatifu Yosefu karibu na bandari, si mbali na kanisa la Waluteri la Azania Front lililojengwa miaka hiyohiyo. Waluteri nao walipanda Uzaramo, wakafungua Kisarawe mwaka 1892. Kati ya mji na vilima hivyo ndipo vilipokuwa vijiji kama Buguruni, ambavyo wamisionari walivipita wakienda na kurudi. Uzaramo haukuwapa mavuno makubwa. Mzaramo aliyetaka dini ya kitabu alikuwa nayo tayari jirani, na mlango wake ulikuwa mwepesi: shahada mbele ya mashahidi ilitosha, hapakuwa na mtu mwenye mamlaka ya kumzuia. Mlango wa Kanisa ulikuwa na bawabu.

Bawabu huyo aliitwa ukatekumeni. Mtu mzima aliyetaka kubatizwa alifundishwa kwa miezi au miaka, akachunguzwa mwenendo, akatakiwa kuacha hirizi na, kwa mwanamume, kubaki na mke mmoja. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, aliweka miaka minne kwa wamisionari wake wa bara, na Wakatoliki waliokuja mjini kutoka Bukoba na Tabora walikuwa wamelelewa katika desturi hiyo. Kwao ubatizo haukuwa jambo la kupatiwa barabarani. Ulikuwa mtihani waliofaulu, wenye tarehe, jina la msimamizi na saini ya padri.

Vita vya 1914 hadi 1918 viliyaweka makanisa ya Kijerumani katika jaribio lisilotarajiwa. Wamisionari walikamatwa na Waingereza, na kufikia 1920 walikuwa wamefukuzwa. Wakapuchini wa Uswisi waliichukua misheni ya Wabenedikti ya Dar es Salaam mwaka 1921, lakini Waluteri walingoja zaidi. Ushirika wao wa mjini uliongozwa na mwinjilisti Mwafrika, Martin Ganisya, na wenzake. Hapo swali la mamlaka likaacha kuwa la vitabuni. Mwinjilisti aliweza kuhubiri, kufundisha, kuzika. Kubatiza kwa dharura, mtoto akiwa anakata roho, kuliruhusiwa kwa Mkristo yeyote, na Wakatoliki huenda mbele zaidi kwa kukubali hata maji yaliyomiminwa na mtu asiyebatizwa, mradi atumie maneno ya Utatu na akusudie kufanya lifanywalo na Kanisa. Lakini Chakula cha Bwana kilimdai mchungaji aliyewekewa mikono. Mamlaka ya kugawa sakramenti ilikuwa imeshikwa na wageni wachache mno, na walipoondolewa ikaonekana jinsi walivyochelewa kuwagawia wenyeji. Waanglikana wa misheni ya UMCA (Universities' Mission to Central Africa) ndio waliokuwa wametangulia kidogo: John Swedi alifanywa shemasi mwaka 1879 na Cecil Majaliwa akapewa upadri Zanzibar mwaka 1890.

UMCA hiyohiyo ndiyo iliyoleta ugomvi mkubwa kuliko wote uliowahi kutokea Afrika Mashariki kuhusu sakramenti, na pwani ya Dar es Salaam ilikuwa ndani ya dayosisi ya mtu aliyeuanzisha. Juni 1913 wamisionari wa Kiprotestanti wa Kenya na Uganda walikutana Kikuyu, kwenye misheni ya Kanisa la Scotland, kutafuta namna ya kushirikiana. Walikuwapo Waanglikana wa Church Missionary Society (CMS), Wapresbiteri, Wamethodisti, Africa Inland Mission. Hoja yao ilikuwa ya kueleweka: Mwafrika anayehama kutoka eneo la misheni moja kwenda jingine asihesabiwe mgeni, na asinyimwe Meza ya Bwana kwa sababu ya mafarakano yaliyozaliwa Ulaya. Mwisho wa mkutano, Askofu Peel wa Mombasa aliongoza ibada ya Ushirika Mtakatifu kwa taratibu za Kianglikana ndani ya kanisa la Wapresbiteri, na wasio Waanglikana wakapokea.

Habari ilipomfikia Frank Weston, Askofu wa Zanzibar tangu 1908, alimwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, akiwashtaki Peel na Askofu Willis wa Uganda kwa uzushi. Weston hakuwa mtu wa kubeza Waafrika wala mpenda makuu. Wakati wa vita aliongoza kikosi cha wapagazi wa Zanzibar kwa miguu, na baadaye alipambana hadharani na serikali ya kikoloni juu ya kazi za kulazimishwa. Lakini kwake askofu hakuwa cheo cha utawala tu. Alikuwa kiungo cha mnyororo uliotoka kwa Mitume, na bila mnyororo huo padri si padri na mkate unabaki mkate. Kumwalika Mpresbiteri mezani bila kipaimara cha askofu kulikuwa sawa na kusema kwamba mnyororo hauna kazi. Tena aliuliza swali ambalo wenzake wa Kikuyu hawakulijibu vizuri: Mwislamu wa Zanzibar anayeitazama Anglikana ataambiwa inafundisha nini, ikiwa maaskofu wake wawili wanafundisha mambo mawili?

Davidson alikataa kuwafikisha wenzake mahakamani, akapeleka suala kwa baraza la washauri. Jibu lililotolewa mwaka 1915 lilikuwa la kidiplomasia mno. Mkristo wa kanisa jingine angeweza kukaribishwa mezani kwa Waanglikana pale hali ilipodai. Mwanglikana asipokee kwa mchungaji asiyewekwa na askofu. Na ibada ya namna ile ya Kikuyu isirudiwe. Watani wa Uingereza walisema hukumu ilimaanisha kwamba ibada ile ilimpendeza sana Mungu na kwa hali yoyote isifanyike tena. Weston mwenyewe alihudhuria mkutano wa pili wa Kikuyu mwaka 1918 akiwa na mpango wake wa umoja, na alifariki Hegongo, karibu na Muheza, Novemba 1924. Alama yake haikufutika. Waanglikana wa Dar es Salaam wenye asili ya UMCA bado husema Misa, humwita kasisi wao padri na huungama, na anayehamia mjini kutoka Dodoma au Mwanza, kwenye asili ya CMS, huhitaji muda kuzoea uvumba.

Pande zote mbili za ugomvi ule zilimhusu mtu wa aina moja: mhamiaji. Na baada ya Vita Kuu ya Pili wahamiaji wa Dar es Salaam walikuwa wengi. Serikali ilipanga Ilala, Magomeni na Temeke. Waliokosa nafasi humo walikodi au kujenga vijijini pembezoni, Buguruni ikiwa mojawapo, kwenye viwanja vilivyonunuliwa kwa wenyeji chini ya minazi. Kijana aliyetoka Kilema ya Kilimanjaro au Kashozi ya Bukoba alifika na sanduku la bati, na ndani yake, kama mama yake alikuwa mwangalifu, karatasi mbili: cheti cha ubatizo na barua ya padri au mchungaji wa kwao. Barua ya utambulisho ilikuwa pasi ya kiroho. Ilisema mwenye barua ni Mkristo mwema, hakutengwa, na anaweza kupokea. Asiye na barua aliweza kusali, kuimba na kutoa sadaka, lakini wakati wa kusogea mbele alibaki kwenye benchi.

Cheti cha ubatizo kilipata kazi nyingine ambayo hakuna mwanateolojia aliyeikusudia. Watoto wengi wa bara walizaliwa nyumbani, na serikali haikuwa na daftari lao. Kanisa lilikuwa nalo. Shule ziliomba cheti hicho, waajiri walikitazama kujua umri, na hata leo RITA, wakala wa serikali wa usajili, hukubali cheti cha ubatizo miongoni mwa viambatisho vya kuombea cheti cha kuzaliwa. Jina la ubatizo nalo likawa jina la mjini. Aliyeitwa nyumbani kwa jina la babu alisajiliwa kazini kama Yohana, Aloyce au Fredrick, na majirani Waislamu wa Buguruni walimtambua dini kwa jina kabla hawajamwona akienda kanisani. Maji yale, ambayo katekisimu inasema huacha alama isiyofutika rohoni, yaliacha na nyingine kwenye karatasi za dola.

Miaka ya 1960 mamlaka yenyewe ilibadili sura. John Sepeku aliwekwa kuwa askofu mwaka 1963, akawa Askofu wa Dar es Salaam mwaka 1965 na Askofu Mkuu wa kwanza wa Anglikana Tanzania mwaka 1970. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) lilizaliwa Juni 1963 kwa kuungana makanisa saba ya Kiluteri. Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kupewa ukardinali, alihamishwa kutoka Bukoba kuwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam mwishoni mwa 1968. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliifungulia Misa njia ya kutoka kwenye Kilatini, na mama wa Buguruni ambaye kwa miaka alikuwa akisali rozari wakati padri akinong'ona, sasa alisikia kila neno la mageuzo kwa Kiswahili. Ni vigumu kupima tukio kama hilo. Kuelewa kulileta ukaribu, na kulileta pia maswali.

Mapadri hata hivyo walikuwa wachache kuliko mji ulivyokua. Mwaka 1973, na tena 1976, maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki katika umoja wao wa AMECEA, wakikutana Nairobi, waliamua kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogondogo za Kikristo. Nia ilikuwa njema na ya kiinjili: kaya chache za jirani zisome Neno pamoja, zisaidiane ugonjwani na msibani, ziwe Kanisa la mtaani. Mazingira ya Buguruni yaliifaa nia hiyo, kwa sababu nyumba zimebanana na ua mmoja hukaa wapangaji wa makabila manne. Jumuiya hukutana, mara nyingi asubuhi ya Jumamosi kabla ya shughuli, kwenye kibaraza cha mmojawapo; mkeka hutandikwa, mshumaa huwashwa, Injili husomwa, michango huandikwa daftarini.

Daftari hilo ndilo lililogeuza mambo. Kwa kuwa paroko hawezi kuwajua maelfu, alianza kutegemea neno la mwenyekiti wa jumuiya. Mzazi anayetaka mtoto abatizwe huulizwa jumuiya yake. Wachumba vivyo hivyo. Familia yenye msiba vivyo hivyo. Ile barua ya padri wa Kilema ilirithiwa na barua ya jirani wa nyumba ya tatu, fundi seremala au muuza duka, ambaye sasa alishika ufunguo wa sakramenti. Waluteri walifika mahali hapohapo kwa njia yao: mitaa ya usharika, wazee wa kanisa, bahasha zenye namba ambazo huonyesha nani ametoa na nani hajatoa. Wapo waumini wanaoona huu ni urasimu wa vijidaftari, hasa mtu anapofariki na mjadala wa kwanza ukawa kama alikuwa akihudhuria. Wapo wanaojibu kwamba sakramenti haikuwahi kuwa mali ya mtu binafsi, na kwamba asiyejulikana na majirani zake kumi hawezi kudai kujulikana na Kanisa zima. Hoja ya pili ina nguvu zaidi kwa teolojia. Ya kwanza ina nguvu zaidi siku ya msiba.

Hakuna sakramenti iliyowasumbua watu wa mitaa hii kama ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliziweka chini ya paa moja ndoa za kanisani, za Kiislamu, za kimila na za serikali, ikawapa viongozi wa dini wenye leseni uwezo wa kufungisha, na ikakubali ndoa ya bomani kati ya watu wa dini mbili. Kwa dola, mume na mke waliofungishwa bomani ni wanandoa halali. Kwa Kanisa Katoliki, Wakatoliki wawili waliofunga bomani bado hawajaoana, na hawaruhusiwi kupokea Ekaristi. Makanisa ya Kiluteri na Kianglikana hutumia adhabu ya kutengwa: mtu hubaki muumini, huja ibadani, lakini hukaa mbali na meza mpaka arudi kundini, mara nyingi kwa kutubu mbele ya ushirika.

Shida ni kwamba mji una mwendo wake. Mahari bado haijakamilika, ndugu wako mbali, sherehe imekuwa ghali, na katikati ya hayo watoto wamezaliwa. Katika kila kanisa la mitaa ya Buguruni kuna safu ya watu wazima, wacha Mungu, wapiga vigelegele hodari wa kwaya, ambao hawajapokea kwa miaka kumi. Hawajaacha kuamini. Wengine husema wazi kwamba wanamheshimu Yesu kiasi cha kutomkaribia pasipo ruhusa. Parokia na sharika huwaandalia ndoa za pamoja, ambapo jozi kadhaa hubarikiwa siku moja bila gharama ya ukumbi, na huko huonekana bibi harusi akisindikizwa na binti yake mwenyewe wa kidato cha pili. Pamoja na hao wapo wenye ndoa mseto, Mkristo na Mwislamu, jambo la kawaida katika kata yenye Waislamu wengi. Mkatoliki anayetaka ndoa ya namna hiyo itambuliwe na Kanisa huomba ruhusa ya askofu na kuahidi kufanya awezalo watoto wabatizwe. Upande wa pili una ahadi zake kwa ukoo wake. Mara nyingi bibi mzaa baba ndiye huamua, na hakuna sheria ya kanisa iliyomtaja.

Kutoka bara ulikuja pia mkondo uliolitazama jambo lote kwa jicho jingine. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Bukoba na Kilimanjaro, haukuuliza mtu amebatizwa na nani. Uliuliza kama ameokoka. Waliookoka waliungama dhambi hadharani, wakisimama kanisani bila kupitia kwa padri yeyote, na wengi walibaki ndani ya makanisa yao wakipokea meza ileile kwa mchungaji ambaye huenda walimshuku kuwa bado yuko gizani. Miaka ya 1980 na 1990 moto huo uliwaka mjini nje ya makanisa ya zamani. Mhubiri Zachary Kakobe alianzisha kanisa la Full Gospel Bible Fellowship mwaka 1989. Mwenzake Moses Kulola akaongoza kuundwa kwa kanisa la EAGT mwaka 1991. Mahema na mabanda ya bati yaliingia mitaani, na Buguruni haikubaki nyuma.

Kwa makanisa haya mapya ubatizo wa mtoto mchanga ni kunyunyiziwa maji tu, na aliyeokoka lazima abatizwe tena kwa maji mengi, azamishwe mwili mzima, baharini au kwenye bwawa. Wakatoliki, Waanglikana na Waluteri huliona hilo kosa zito, kwa sababu wao hutambuliana ubatizo: Mluteri anayehamia Ukatoliki hapokei maji tena. Ugomvi huu ni wa Kiafrika kwa asili, ingawa wachache hukumbuka. Karne ya 4, baada ya mateso ya Kaisari Diokletiani, Wakristo wa Karthago, katika Tunisia ya leo, waligawanyika juu ya maaskofu waliosemekana kuyasalimisha Maandiko kwa watesi. Waliowakataa maaskofu hao, walioitwa Wadonati, walishikilia kwamba askofu aliyeanguka hutoa ubatizo uliokufa, wakabatiza upya. Agustino, Mwafrika mwenzao, alijibu kwamba anayebatiza ni Kristo, na mkono mchafu wa mhudumu hauwezi kuyachafua maji. Mkutano wa Karthago wa 411 ulimpa ushindi. Katika makanisa mapya ya Dar es Salaam Wadonati wamerudi kwa mlango wa nyuma: mamlaka haikai tena katika daraja bali katika upako wa mtumishi mwenyewe, na upako ukishukiwa, waumini huhama. Na bado makanisa hayo yaliyoanza kwa kukataa ishara za mapadri leo yana mafuta ya upako, maji ya upako na vitambaa vilivyoombewa. Inaelekea mtu wa mjini anataka neema anayoweza kuishika mkononi, na ikiondolewa mlangoni ataitafutia dirisha.

Ndani ya Ukatoliki wenyewe swali la mamlaka lilifika kilele kwa Padri Felician Nkwera. Alianza huduma ya kuombea wagonjwa mwishoni mwa miaka ya 1960 akiwa padri kijana wa kusini, na kundi lake la Wanamaombi likapata kituo Ubungo, Dar es Salaam. Maaskofu walimzuia, naye hakuacha. Jambo lililoonekana dogo likawa bendera: Wanamaombi walikataa kupokea Ekaristi mkononi, wakisisitiza kupiga magoti na kupokea kwa ulimi. Katika miaka ya 1990 uongozi wa Kanisa uliwatenga na sakramenti. Ni kisa cha ajabu kidogo, kwa sababu walioasi hawakutaka sakramenti chache. Walizitaka zaidi, na kwa heshima ya zamani zaidi, huku wakisema wanamsikiliza Bikira Maria kuliko askofu. Weston angewaelewa nusu, na nusu ya pili ingemtisha.

KKKT kwa upande wake iliamua mwaka 1990 kuwabariki wanawake kuwa wachungaji, na wazee waliolelewa vijijini wakazoea kupokea mkate kutoka mkono wa mwanamke. Wakatoliki hawakufuata.

Vyeti sasa huandikwa kwa kompyuta, na barua ya utambulisho mara nyingine hutangulia kwa simu. Lakini kanuni ya daftari haijabadilika. Sheria ya Kanisa Katoliki inaagiza kwamba kipaimara, ndoa na daraja la mtu viandikwe pembeni mwa jina lake katika daftari la parokia alikobatizwa. Mtoto aliyebatizwa Kilema akifunga ndoa Buguruni miaka thelathini baadaye, paroko wa mjini hupeleka taarifa Kilema, na katekista wa huko hulifungua daftari la zamani, hulitafuta jina, na kuandika ndoa hiyo kwa wino kando ya ubatizo.